Kamera za kutega duma: zipi zinafaa Karamoja, zipi ziachwe dukani

Anayetaka kuchunguza duma Uganda huanzia Hifadhi ya Taifa ya Bonde la Kidepo au Pori la Akiba la Pian Upe, kisha anatoka kwenda kwenye malisho ya ng'ombe yanayozunguka maeneo hayo, huko Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda. Duma waliobaki ni wachache mno, na baada ya mvua nyasi humfunika mnyama mzima. Gari linaweza kupita mita hamsini kutoka alipolala lisimwone. Ndiyo maana kazi hii huachiwa kamera za kutega, zile zinazofungwa mtini au kwenye nguzo na kujifyatua zenyewe mnyama anapopita.

Hapa tunapima aina tatu zinazouzwa sana sasa: yenye flashi nyeupe, yenye flashi nyekundu hafifu, na yenye flashi nyeusi isiyoonekana kwa jicho. Kwa Karamoja nunua flashi nyeusi, ile ya nanomita 940 (kipimo cha mwanga wake), inayofyatuka chini ya nusu sekunde, na ununue mbilimbili. Lakini kamera yoyote utakayobeba itapiga picha za nyasi tu kama hukuanza na swali la mahali pa kuifunga, na hapo ndipo miongozo inayokuja na vifaa hivi inapotupotosha.

Sehemu kubwa ya miongozo hiyo imetokana na mashamba ya kusini mwa Afrika, hasa Namibia, ambako Cheetah Conservation Fund, shirika la kuhifadhi duma lililoanzishwa 1990, linafanya kazi karibu na mji wa Otjiwarongo. Kule duma wengi wanaishi nje ya hifadhi, ndani ya mashamba makubwa ya ng'ombe. Wafugaji waliwaondoa simba na fisi zamani, wakachimba visima, swala wakabaki, na duma wakapata nchi isiyo na wa kuwanyang'anya windo. Dume mwenye eneo lake hurudi kwenye miti ileile kuweka alama: hunyunyiza mkojo kwenye shina, huacha kinyesi juu ya tawi nene, hukwaruza gome. Mti wenyewe ni mkubwa, umesimama peke yake, na shina lake limeinama kiasi cha duma kulipanda bila shida. Madume wasio na eneo nao hufika kunusa habari. Kwa hiyo kamera moja kwenye mti mmoja sahihi hukuletea madume wengi wa eneo hilo.

Watafiti wa Taasisi ya Leibniz ya utafiti wa wanyamapori, Berlin, waliwafunga kola za kufuatilia nyendo duma 106 katika mashamba ya Namibia ya kati kati ya 2007 na 2018. Waliona kwamba hatari kwa ndama imejikusanya kwenye vituo hivyo vya kupashana habari. Wakulima waliohamisha makundi ya ng'ombe wenye ndama mbali na vituo walipunguza hasara kwa asilimia 86, kama ilivyochapishwa 2020. Duma hawakuwafuata ng'ombe walikohamia, waliendelea kula wanyama wa porini waliokuwa palepale. Matokeo haya yanamhusu kila mfugaji wa Karamoja, na ndiyo sababu ya kutaka kazi ya kamera ifanywe vizuri huku pia: ukijua duma wanapokutania, unaweza kumwambia mzee wa kraali (boma la mifugo) ndama wasilishwe wapi.

Sasa tofauti. Karamoja haina uzio. Kraali huhama na maji. Simba na fisi wapo Kidepo, na duma hujipanga kwa kuwaepuka. Mti ulioinama unaweza kuwa mwegea au mjunju, lakini mara nyingi kituo ni kichuguu kirefu ambacho duma hupanda kuangalia bondeni, au jiwe lililo kando ya njia ya gari. Hakuna ramani ya vituo hivyo. Wanaovijua ni vijana wanaolala na ng'ombe, waitwao makarachuna, na askari wa doria.

Kuwauliza kuna namna yake. Ukiuliza "mmeona duma?" utajibiwa ndiyo kila mahali, maana mondo, chui na duma wote ni paka wenye madoa. Beba picha tatu bila majina, waache wachague. Kisha uliza uso ulikuwaje: duma ana mistari miwili myeusi inayoshuka kutoka kona ya jicho hadi mdomoni, chui na mondo hawana. Uliza saa na kazi waliyokuwa wakifanya, mfano wakati wa kufungua ng'ombe au kuwanywesha. Halafu nenda mkatazame nyayo pamoja. Kucha za duma hazijifichi zote, kwa hiyo alama zake huonekana mbele ya vidole, wakati unyayo wa chui ni laini bila kucha. Fisi na mbwa nao huacha kucha, lakini kisigino cha duma nyuma kina vifundo vitatu, kama paka wote. Mahali palipotajwa na watu wawili wasiojuana, penye nyayo au kinyesi kwenye kichuguu, hapo ndipo pa kamera. Mahali pengine popote ni bahati nasibu.

Tukirudi kwenye vifaa, flashi nyeupe ndiyo inayopiga picha nzuri kuliko zote. Mwanga wake ni wa ghafla na mkali, unamgandisha mnyama anayetembea usiku, na madoa yanatoka makali kama yamechorwa. Hilo lina uzito, kwa sababu duma hutambuliwa kwa madoa. Hakuna wawili wanaofanana, na hata ubavu wa kushoto haufanani na wa kulia. Lakini Karamoja imepitia miaka ya wizi wa mifugo na operesheni za kukusanya bunduki. Mwanga unaomulika porini saa nane za usiku unaweza kudhaniwa kurunzi ya mvamizi, na hatutaki mtu wala mlinzi wa kraali aingie hatarini kwa ajili ya picha. Pia unamwonyesha mwizi kamera ilipo. Itumike ndani ya hifadhi tu, karibu na kituo cha askari, na kila afande wa doria awe amearifiwa.

Flashi nyekundu, nanomita 850, huonekana kama kaa la sigara lililo mbali. Inafika mbali kuliko nyeusi na picha yake ya usiku ina chembechembe chache. Ni chaguo la kati, na kwenye shamba lenye uzio na mwenye shamba mmoja ingetosha kabisa. Kwenye malisho ya watu wote, doa lile jekundu ni mwaliko. Nyeusi haionekani. Unailipia kwa picha ya usiku iliyofifia na isiyofika mbali, basi isogeze karibu: mita tatu hadi nne kutoka njia ya mnyama, usizidishe. Mnyama akipita mbio usiku madoa yatavutika kama wino uliopanguswa. Dawa ya hilo ni kuifunga mahali anaposimama mwenyewe, yaani penye kituo cha alama, kuliko njiani anapopita tu.

Kasi ya kufyatuka ndiyo namba ya kwanza kusoma kwenye boksi. Lenzi ya nyuzi 42 iliyo mita nne kutoka njiani inaona kipande cha njia cha mita tatu hivi. Vihisi vingi hutazama katikati ya kipande hicho tu, kwa hiyo kamera inapozinduka kichwa cha duma kiko katikati tayari. Anatembea polepole, tuseme mita 1.2 kwa sekunde. Kamera ya sekunde 0.3 itampata amesogea sentimita 36, mzima, ubavu wote. Kamera ya sekunde 1.2 itampata pua ikigusa ukingo wa picha. Akiwa na haraka, mita 2.5 kwa sekunde, kamera hiyo ya pili itakuletea mkia peke yake. Pete za mkia zinasaidia kutambua, ila mkia pekee haumtoshi mtu wa kuhesabu.

Namba ya pili haiandikwi kwa herufi kubwa, na ndiyo inayoharibu hesabu za watu: muda kamera inaopumzika kabla ya kuweza kufyatuka tena. Madume wa duma mara nyingi hutembea ndugu wawili au watatu. Jike hufuatwa na watoto, na uzao wa watatu hadi watano ni wa kawaida. Kamera inayopumzika sekunde kumi au zaidi itampiga wa kwanza, na wengine watapita ikiwa imesinzia. Ripoti itaandika dume mmoja mahali walipopita watatu, au jike asiye na watoto. Weka kamera ipige picha tatu mfululizo, na muda wa kusubiri uwe sifuri. Kama menyu yake hairuhusu chini ya sekunde tano, iache dukani hata ikipunguzwa bei.

Megapikseli 24, 36 na zaidi zinazotangazwa kwenye boksi zisikushtue. Mara nyingi kitambuzi cha ndani ni cha megapikseli chache na programu inaipanua picha. Faili linakuwa zito, kadi inajaa, na doa haliongezeki hata moja. Chagua ukubwa mdogo zaidi ulio halisi.

Kuna kasoro moja ya kamera zote, za bei yoyote. Kihisi hakimwoni mnyama, kinaona tofauti ya joto inayosogea. Mchana wa Februari, ardhi ya bonde la Narus, ndani ya Kidepo, ikiwa imeiva na hewa imefika nyuzi 35 na zaidi, mwili wa duma na mandhari nyuma yake vinakaribia joto moja. Anapita mbele ya kamera na haifyatuki. Wakati huohuo majani yaliyochomwa na jua yakiyumba yanaifyatua bure. Usiandike kwamba duma hapiti mchana kwa sababu tu picha za mchana hazipo. Weka kihisi kwenye kiwango cha juu miezi ya joto, na ufyeke nyasi mbele ya kamera upana wa mita tano, hadi chini kabisa, si kuzilaza kwa buti. Zilizolazwa huinuka siku ya tatu.

Kuhusu betri, hapa rahisi ni ghali kweli. Kamera nyingi hula betri nane ndogo za AA. Vituo 20 vyenye kamera mbilimbili ni betri 320 kwa awamu moja, na kishawishi cha kununua za bei ya chini ni kikubwa. Alkali za kawaida hushuka nguvu kidogokidogo. Mchana kamera inaendelea kupiga vizuri, lakini usiku flashi haipati nguvu na picha zinatoka giza tupu. Ukizitazama utaona shughuli za mchana tu, na utaamini kuwa usiku hakuna kitu. Lithiamu zisizochajiwa hushikilia nguvu hadi karibu na mwisho, zinavumilia joto, na kwa kituo cha mbali zinajilipa kwa safari ulizookoa. Za kuchaji zina volti 1.2 kila moja badala ya 1.5. Nane zinatoa 9.6 mahali kamera inapotarajia 12, na baadhi ya kamera hujizima zikidhani betri imeisha. Jaribu nyumbani wiki mbili kabla ya kuzibeba. Usichanganye za zamani na mpya kwenye kamera moja, maana zile dhaifu huvuja na kula mabati ya ndani.

Kadi ya gigabaiti 32 inatosha. Ifomatiwe ndani ya kamera yenyewe, si kwenye kompyuta, na kabla ya kufunga mlango angalia kile kiswichi kidogo pembeni mwa kadi. Kikiwa upande wa kufunga, kamera itafyatuka miezi mitatu bila kuandika picha hata moja.

Kufunga. Bega la duma liko sentimita 70 hivi au zaidi kutoka ardhini, na lenzi ikae hapo au chini yake kidogo, sambamba na ardhi. Kila kituo kiwe na kamera mbili zinazotazamana kutoka pande mbili za njia ili upate mbavu zote mbili kwa mpito mmoja. Zisogeze kidogo zisitazamane jicho kwa jicho, la sivyo flashi ya moja itaipofusha nyingine. Kwenye kichuguu, moja itazame ubavu wa kupandia na nyingine ikae mita nne pembeni.

Nguzo za mti usizitumie, mchwa watazimaliza kabla ya awamu kwisha. Tumia chuma cha pembe na kichimbiwe sentimita 60. Kwenye udongo mweusi wa Pian Upe hata hicho hakitoshi, kwa sababu udongo huo hupasuka kiangazi na kuvimba mvua zikianza. Nguzo inainama, na kamera inaishia kupiga mguu wake yenyewe. Zungushia mawe shimoni na uikague baada ya mvua ya kwanza. Kasha la chuma ni lazima mahali penye tembo na fisi. Tembo huing'oa ile iliyofungwa kwa mkanda mtupu, fisi hutafuna mkanda wenyewe kwa harufu ya jasho la mikono. Sisimizi huingia kwenye tundu la spika na la kihisi wakatagia humo. Ukanda wa raba ya mlango uwe safi bila punje ya mchanga, na ndani weka pakiti ya chembe za kunyonya unyevu, ibadilishwe kila unapobadilisha kadi.

Miongozo ya Namibia inasema kamera itazame kusini. Otjiwarongo iko karibu nyuzi 20 kusini mwa ikweta, jua la kule hupita kaskazini sehemu kubwa ya mwaka, kwa hiyo ushauri ni sahihi kwao. Kidepo iko chini kidogo ya nyuzi 4 kaskazini. Jua la adhuhuri linakaa karibu utosini, upande wa kaskazini kuanzia mwanzoni mwa Aprili hadi karibu katikati ya Septemba, na kusini miezi mingine. Kaskazini na kusini zote zinakubalika huku. Kinachoharibu picha ni mashariki na magharibi, kwa kuwa jua linapochomoza na kuzama ndipo duma anapotembea zaidi, na lenzi iliyolielekea inatoa kivuli cheusi kisicho na doa.

Majira nayo yaheshimiwe. Mvua za Karamoja hunyesha kuanzia karibu Aprili hadi Septemba, barabara zinakatika na nyasi zinapita urefu wa kamera. Funga kuanzia Novemba au Desemba, lakini uliza kwanza ofisi ya hifadhi kuhusu ratiba ya kuchoma nyasi. Kamera ikitangulia moto imepotea. Ikifuata moto imepata bahati: majani mapya huwaleta taya (swala mdogo) na kongoni, na taya ni windo la duma. Siku 90 kwa vituo 20 zinakupa usiku 1,800 wa kutega, na kwa mnyama adimu namna hii usipunguze. Vibali ni viwili, cha Mamlaka ya Wanyamapori Uganda na cha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Nje ya mipaka ya hifadhi ongeza mwenyekiti wa LC1 (halmashauri ya kijiji) na wazee wa kraali, na wao ndio wanaolinda kamera.

Wazee wataona mapema kwamba kamera hupiga watu pia: wanawake wanaokata nyasi za kuezeka, vijana wanaoswaga ng'ombe. Waambie waziwazi, wafungulie kamera waione, wapigwe picha na waitazame. Kisha ahidi kwamba picha za watu zitafutwa na hazitapelekwa kwa askari kama ushahidi wa nani alilisha wapi. Ahadi hiyo ikivunjwa mara moja, kamera za bonde zima zitavunjwa kwa mawe, na wavunjaji watakuwa na haki yao.

Kamera zinazotuma picha kwa mtandao wa simu ziache. Mtandao haushiki kwenye mabonde mengi, na kamera inayotafuta mtandao usiku kucha inamaliza betri.

Limebaki la saa. Kamera hutoka kiwandani na saa ya nchi nyingine na tarehe inayoanza na mwezi. Weka saa ya Afrika Mashariki, mfumo wa saa 24, siku kabla ya mwezi. Halafu kubalianeni kwenye timu jinsi ya kuandika daftari. Picha ikisema 07:10, msaidizi ataandika saa moja na dakika kumi, mwingine akiingiza kwenye kompyuta ataandika 01:10, na duma wa asubuhi amegeuka duma wa usiku wa manane. Daftari liwe na safu moja tu ya saa, iliyonakiliwa tarakimu kwa tarakimu kutoka kwenye picha. Siku ya kufunga na siku ya kufungua, mtu mmoja asimame mbele ya kila kamera akiwa ameshika kibao kilichoandikwa jina la kituo, tarehe na saa ya simu yake, apigwe picha ya kwanza na ya mwisho. Saa ya kamera ikiwa imeteleza, kibao hicho ndicho kitakachokuonyesha imeteleza kwa dakika ngapi.